Taa Nyekundu kwenye Chombo cha Ndau

Siku yangu ya kwanza gatini Mokowe, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, Meneja wa Mradi alinikabidhi sanduku la kadi na kisomeo kimoja, yaani kile kimashine kinachoguswa na kadi. "Bi Mwende," akasema, "hapa kuna wenye maboti wengi na kila mmoja ana lake. Nataka kadi moja ikubaliwe na wote." Nilitoka bara, ambako nilikuwa nimeshughulikia kadi za mabasi kwa miaka mingi, na nilijiona najua kila kitu. Boti la kwanza kupanda lilinitapisha.

Kazi yenyewe, kwa nyinyi mnaogusa tu mkapita, ilikuwa hivi. Kisomeo hukata nauli hata pasipo mtandao. Boti likifika penye mtandao hutuma habari, na kila mwenye chombo hupata haki yake hata kama kadi ilinunuliwa kwa mwenzake. Kuwashawishi manahodha wakubali kadi za wenzao kulinigharimu muda mrefu na vikombe vingi vya kahawa chungu. Wa mwisho kukubali alikuwa Nahodha Shee wa chombo cha kisiwani Ndau.

Kanuni moja niliiweka mwenyewe. Kule bara abiria wenye haraka waligusa mara mbili, wakakatwa mara mbili, wakaja kunipigia kelele. Kwa hiyo niliamuru kisomeo kikatae kadi iliyokwisha kuguswa safari hiyo hiyo, kiwashe taa nyekundu. Nilijisifu sana kwa hilo.

Wiki haikuisha, Nahodha Shee akanibwagia kisomeo mezani. "Bi Mwende, kidude chako kimemuaibisha mtu mbee ya mkwewe."

Mtu mwenyewe alikuwa Athmani, mwashi wa Chundwa. Mkewe alikuwa amejifungulia kwa wazazi wake Ndau, siku arubaini zimetimia, naye alikuwa akienda kumchukua. Chomboni akamkuta baba mkwe. Akajilipia, kisha akagusa tena amlipie mzee, kama ilivyo desturi ya watu wa huku. Taa nyekundu. Akarudia, nyekundu tena. Chombo kizima kikadhani kadi haina kitu. Mzee akatoa kadi yake, akajilipia kimya kimya. Walipofika Ndau, Athmani alishindwa kushuka kwa haya, akarudi na chombo hicho hicho bila mke wala mtoto.

"Atamwendeaje mzee aloona hana nauli?" Shee akasema. "Ndoo nasi Ndau, useme kosa ni la nani. Ama sivyo, hichi kidude hakirudi chomboni mwangu."

Meneja wa Mradi alikataa katakata. "Kadi moja, abiria mmoja. Kanuni ni kanuni." Nilimjibu kuwa kanuni ni yangu na nitaiondoa mimi. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Nilikwenda na Athmani. Barazani kwa mzee nikaeleza kuwa kadi ilikuwa na salio la kutosha, na aliyeifunga ni mimi. Mzee akanigeukia.

"Kwani kwenu kila mtu hujilipia?"

"Wengi wetu, ndiyo, mzee."

"Poleni," akasema, kwa huruma ya kweli. Kisha akacheka, akaagiza bintiye afungiwe mizigo. Athmani alilia mbele yetu sote, nami nikalia naye.

Tangu hapo nahodha hubonyeza idadi ya watu kwanza, kisha kadi ikaguswa mara moja. Baadaye nilimsikia Meneja akijivunia mpango huo mikutanoni kana kwamba ni wake. Nikamwachia.

Sasa nimestaafu, na sikurudi bara. Naishi Lamu kwa raha zangu. Juzi nilipanda boti kwenda Mokowe, nikatoa kadi. Nahodha akatikisa kichwa: nilikuwa nimekwisha kulipiwa.

"Na nani?"

"Kidude chayua. Mimi sisemi."

Zamani ningefungua kompyuta nikamjua mara moja. Siku hizi sina tena ruhusa ya kuingia humo. Nikawaangalia abiria wenzangu mmoja mmoja. Wote walikuwa wakitazama maji.