Ngoma Aliyopigiwa Saidi

Siku ile watoto walikuwa wanatoka jandoni. Kijijini kwetu, ng'ambo ya Ruvuma upande wa Msumbiji, wanawake tulisonga ugali huku kaka yangu Saidi akipasha ngoma kwenye moto wa nyasi ili ngozi zikaze. Saidi alikuwa akisikia sauti kichwani tangu ujana. Alikuwa akimeza dawa na kupiga ngoma, na hakuna aliyemwogopa.

Ngoma zilipokolea, hatukusikia bunduki za waliotuvamia.

Wachezaji walianza kuanguka. Tulicheka, tukidhani wamechoka.

Saidi alipiga mpaka mama yetu alipoanguka mbele yake.

Tulikimbilia Dar, tukapanga chumba cha uani Kariakoo kwa Bi Thuraya, Mwarabu muuza vitenge. Mwanawe Nassoro alikuwa na maradhi kama ya Saidi, na vita vya Yemen vilimkuta huko kwa wajomba zake. Mageti ya maduka yaliposhushwa kwa kishindo, wote wawili walijikunyata barazani, wakashikana mikono.

Kliniki yao ilikuwa moja. Daktari alimwuliza Nassoro, "Huko uliona nini, kijana wangu?" Akamsikiliza mpaka mwisho. Ilipofika zamu yetu nikaanza kueleza habari za mageti, akanikatiza.

"Nyie Wamakonde na mashetani yenu! Tutaongeza dozi."

Nilimchukia mtu yule, na chuki hiyo sijaitua mpaka leo. Dozi ilimtoa Saidi udenda, woga ukabaki pale pale. Ndipo shangazi yetu wa Magomeni akaamua apungwe pepo.

"Shangazi, ngoma hapana. Nakuomba."

"Hebu nyamaza! Hospitali imemsaidia nini? Pepo wa kwetu hatoki bila ngoma."

Walimkalisha katikati ya ua, mchana kweupe.

Ngoma ikalia.

"Mama, lala chini!" Saidi alipiga ukelele.

Akachomoka kuelekea barabarani. Lori la saruji halikuwahi kufunga breki.

Tulimzika bila ngoma, yeye aliyewapigia watoto wa kijiji kizima.

Baada ya matanga nilirudisha vidonge vyake kliniki. Daktari alivitazama, kisha akanitazama mimi.

"Pole sana, mama. Kwani huko kwenu aliona nini?"

"Muulize Nassoro," nilimjibu. "Yeye ndiye aliyemwuliza Saidi."

Mama aliuawa na wenye bunduki. Saidi nilivuka naye Ruvuma akiwa hai; huku ndiko alikofia.