Breki Tatu za Mzee Kibona

Siku yangu ya kwanza kazini niliimalizia chini ya lori bovu, nyuma ya uwanja wa ukaguzi wa magari pale Tunduma. Nilikuwa nimevaa sare mpya ya polisi, mama yangu kule kijijini kwetu Ruanda aliinyoosha mwenyewe. Mkaguzi Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, hakuijali sare yangu. Alinipa nyundo ndogo akaniambia nilale chali.

"Gonga chesisi," akasema. Chesisi ndiyo mifupa ya gari, ile fremu ya chuma inayobeba kila kitu. Nikagonga, chuma kikalia. "Sasa gonga pale penye rangi mpya." Pale kiliguna. Akachuchumaa, akachokoa kwa bisibisi, na kutu ikanimwagikia usoni.

"Chuma kizima kinajibu, kilichooza kinaguna. Ukiona mtu kapaka rangi chini ya gari, mahali pasipo na wa kupaangalia, jiulize anamficha nani."

Siku hizi vijana mnachomeka kompyuta, nayo inawaambia injini inaumwa nini. Sisi tulikuwa na nyundo, tochi na masikio. Magari yaliyotumika yalitufikia yaking'aa juu, chini yameliwa na chumvi ya nchi za baridi. Tulikuta matairi upara, shokapu zinazovuja mafuta, taa moja inayotazama juu na boljointi zilizolegea. Boljointi ni kiungo kinachoshika gurudumu la mbele, kama nyonga inavyoshika mguu. Kikichomoka, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena. Wenye magari walinibishia kwa Kiswahili, Kinyiha, Kinamwanga na Kibemba, na wote walisema kitu kimoja: mbona linatembea?

Mkaguzi Mkuu alinifundisha jambo jingine ambalo halikuandikwa popote. "Gari la milimani usilipime uwanjani," alisema. "Uwanjani kila gari ni zima. Lipeleke kwenye mteremko, na mzigo wake."

Baada ya Tunduma nilihamishiwa Vwawa, kisha Ileje, na Ileje ndiko nilikokutana na Mzee Kibona wa Mbebe. Alikuwa mkulima wa kahawa na mahindi, mzee wa kanisa, mpole wa maneno. Gari lake lilikuwa stesheni wagoni ya zamani, lile gari refu lenye nafasi ya mizigo nyuma ya viti, rangi yake ilishasahaulika. Kila mtu kule juu alilijua, maana ndilo lililoshusha wagonjwa na wajawazito hospitalini. Akibeba mgonjwa, alifunga kitambaa cheupe kwenye eriali. Watu wakikiona walipisha njia, na waliokuwa shambani walisimama na jembe mpaka apite.

Alilileta kwa ukaguzi kwa hiari yake, limeoshwa. Tulipakia magunia ya mahindi, nikakaa pembeni yake, tukashuka mteremko. Nikamwambia afunge breki. Gari lilivuta kulia kwa nguvu hadi bega langu likagonga mlango.

Niliingia chini. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, na nilipogonga iliguna. Kwenye gurudumu la nyuma kushoto nilikuta paipu ya breki imepondwa kwa nyundo ikawa bapa. Kuponda huko mafundi wa kule walikuita "kuiua" paipu. Gurudumu likivuja mafuta ya breki na kipuri hakuna, wanaiponda paipu yake ili mafuta yabaki kwenye yale mengine matatu.

"Mzee, hili lina breki tatu."

"Kigoda nacho kina miguu mitatu, Afande, na tunakikalia," akasema akitabasamu.

Sikutabasamu. Nilimwambia gari limeanguka ukaguzi, lisibebe mtu mpaka chesisi ichomelewe na breki ya nne irudi. Tabasamu likamtoka taratibu.

"Na wagonjwa wetu, Afande?"

Nilimjibu kwamba gari hilo likiacha njia kwenye kona za Mbebe litaua mgonjwa na wanaomuuguza. Nilisema kweli, na hata leo ningesema hivyo hivyo. Alilirudisha nyumbani mwenyewe polepole, akalifunika turubai, akangoja kahawa iuzwe ili apate ya kumlipa fundi.

Mvua zilianza kabla kahawa haijauzwa. Kahawa ilipouzwa na matengenezo yakaisha, alikuja tena. Nililala chini, nikakuta paipu mpya, na chesisi imechomelewa vizuri. Nikagonga, ikalia. Nilitoka nikijifuta mikono, nikamwambia amefanya kazi nzuri, kisha nikamuuliza hali ya Mama Neema, mkewe, aliyezoea kunitumia ndizi.

"Tulimzika wakati wa mvua," akasema.

Alinisimulia akiwa ameegemea boneti. Mama Neema aliugua tumbo ghafla, na barabara ilikuwa tope tupu, hakuna gari jingine lililopanda. Majirani walilifunua lile turubai, wakamwomba ufunguo. Aliwakatalia. "Niliwaambia Afande alilala chini akaliona." Wakambeba kwa machela kushuka mlima. Alikata roho njiani, kabla ya kufika hospitalini.

Nilikosa pa kuweka mikono yangu.

"Nikuulize wewe kwa sababu ndiyo kazi yako," akasema. "Siku ile, na breki zile tatu, lingefika?"

Nilitamani kumwambia lisingefika. Neno moja tu, na pengine angelala usingizi. Lakini gari lile lilikuwa limeshusha watu mteremko ule ule mara nyingi, likafika. Na nilikuwa nimewahi kuyatoa korongoni mengine yaliyofika mara nyingi pia.

"Sijui, Mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakunilaumu siku ile wala baadaye. Heri angenilaumu, ningepata cha kujitetea.

Nilistaafu nikiwa na magoti yaliyochoka kwa kulala kwenye simenti. Vijana huniuliza ni magari mangapi niliyaokoa. Hilo halijulikani, maana ajali ambayo haikutokea haina kaburi. Ninalolijua ni kaburi moja kule Mbebe, na bado linaniuma.

Siku nilipokabidhi nyundo yangu, Mzee Kibona alishuka kunichukua. Alisema mtu hawezi kumaliza kazi kisha akasubiri basi na masanduku yake. Tulipakia vitu vyangu vyote, gari likakaa chini kwa uzito. Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza, bila kuambiwa, alifunga breki. Magurudumu yote manne yakashika pamoja, na gari likasimama limenyooka.

Tulikaa pale, injini ikiunguruma. Alikuwa akitazama mbele, kwenye eriali isiyo na kitambaa.

"Hili lingemfikisha," akasema, akaachia breki, tukashuka.