Mtu wa Pwani kutoka Majengo

Harithi, muuza matangi ya plastiki pale Majengo, Dodoma, alikuwa mtu wa pwani. Pwani yenyewe hakuwahi kuiona, lakini hilo ni jambo dogo. Babu wa baba yake, mzee Nurdini, alifika Dodoma enzi za misafara akitokea kisiwa cha Jibondo, huko Mafia, na kwa maelezo ya Harithi damu ya nahodha haikauki kwa kukaa nchi kavu. Wanywa kahawa wenzake walikuwa wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Mkewe Mwanamvua alikuwa ameisikia kwa miaka ishirini na minane ya ndoa, hasa siku alizozidisha chumvi kwenye mchuzi.

Mwanamvua alikuwa mshona sare za shule, Mgogo wa Mvumi, aliyesilimu ili aolewe. Kilichomkosesha usingizi ni mama yake, Bibi Anjelina, ambaye macho yalikuwa yanamzimika na aliishi peke yake kijijini, akienda jikoni kwa kupapasa ukuta. Mwanamvua alitaka kumleta mjini akae chumba cha mbele. Chumba hicho kilikuwa na kitanda cha nakshi chenye miguu mirefu, shuka nyeupe na hakuna mtu, maana Harithi alikuwa amewawekea ndugu zake wa pwani watakapokuja. Walikuwa hawajaja tangu Mjerumani aondoke, lakini huenda walikuwa njiani. Kuhusu mama mkwe alisema jogoo wa shamba hawiki mjini, na nyumba ya watu wa pwani ina heshima zake. Siku hiyo Mwanamvua alilia juu ya cherehani mpaka akaharibu mikono miwili ya shati.

Basi watoto wao wakachangishana, wakawalipia wazee safari ya kupumzika Mafia. Harithi akasema huko hapumziki mtu, anakwenda kwa ndugu zake Jibondo. Walipofika Mafia, boti ya injini ya kuwavusha mpaka Jibondo ilikuwepo, ya saa nane. Aliikataa. Wazee wake hawakusafiri kwa mashine, alisema, akachagua mashua ya tanga ya nahodha Bashiri, iliyokuwa na umri wa kuheshimika na nyufa zake.

Waling'oa nanga asubuhi. Mtu wa pwani alisimama mbele na kanzu yake, mkono mmoja kiunoni, akamfafanulia nahodha habari za upepo. Nahodha alikuwa mpole, akamwachia afundishe. Walipotoka nje ya ghuba, mawimbi ya kwanza yakaja, na ule ufafanuzi ukakatikia katikati ya neno. Baada ya dakika kumi mjukuu wa manahodha alikuwa amelala chali kwenye magunia ya unga, rangi imemtoka, anaomba ashushwe. Nahodha akamuuliza ashushwe wapi.

Maji yalikuwa yakiingia kwa chini. Nahodha alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga kwa mwingine, akamwomba Mwanamvua ayakumbe, akamsogezea kopo kwa mguu. Mwanamvua alilijua kopo. Utotoni alichimba mchanga wa korongo kavu kule Mvumi, akachota maji kata kwa kata, na tone lililomwagika lililipiwa kwa kofi. Akainama, akachota vizuri, akajaza ndoo. Ndoo ilipojaa akajaza sufuria ya nahodha. Kisha akaangaza macho kutafuta chombo kingine.

"Mama," nahodha aliuliza taratibu, "hayo unamwekea nani?"

Mwanamvua aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimwaga ndoo ya kwanza baharini huku roho ikimuuma, kama mtu anayetupa ugali wa moto. Ya pili ikauma kidogo. Baadaye mkono ukazoea, na kwa saa nzima hakuinua kichwa. Nahodha alimwambia kwamba yeye ndiye aliyewavusha, na Harithi, kutoka kwenye magunia, alitikisa kichwa kukubali au kutapika, haikujulikana.

Jibondo walipelekwa kwa Bi Salha, kikongwe aliyehifadhi kichwani nasaba za kisiwa kizima. Harithi akatandikiwa mkeka barazani, akalala kaelekea ukutani. Mwanamvua alimwamkia bibi, akamuuliza kama aliwahi kusikia habari za Nurdini, nahodha aliyehamia bara.

"Nahodha?" Bi Salha akacheka taratibu. "Nurdini Mgogo? Huyo alikuja pwani na msafara, amebeba pembe za ndovu kichwani. Hapa alikuwa akiziba nyufa za vyombo vikiwa vimepandishwa nchi kavu, maana bahari aliiogopa kama kifo. Alipopata kanzu na jina jipya akarudi kwao."

Mwanamvua alimtazama mumewe. Alikuwa anakoroma, lakini vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekaza, na mtu aliyelala hakazi vidole. Mwanamvua alifurahi, tusimsingizie wema. Alifurahi mpaka akahitaji kufunika mdomo kwa mtandio. Kisha akakumbuka mkono wa mama yake ukutani, na furaha ikageuka hasira.

Kesho yake walirudi kwa boti ya injini, na safari hii hakuna aliyewataja wazee. Katikati ya maji Harithi alisogea karibu na mkewe, akasafisha koo.

"Mama Fahadi," alisema, "mambo ya ukoo si lazima yafike kijiweni."

"Mimi sisemi kitu, baba Fahadi. Ila chumba cha mbele umewawekea ndugu zako, na ndugu yako mmoja yuko Mvumi, haoni. Tukifika Dodoma tusilale, twende tukamchukue."

 Harithi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, mama ataupandaje ule urefu wa kitanda cha pwani.

"Kikate miguu," alisema Mwanamvua.