Banda Lililokaa Matanga

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha, nilimpoteza mke wangu. Aliniachia banda la kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu mtaani Manika. Watoto hatukupata. Kuku wale ndio kazi ya mikono yake iliyobaki.

Kwetu nyumba ya kilio haifagiliwi mpaka matanga yaondolewe. Mimi sikufagia hata banda. Niliona ndiyo heshima. Wageni waliingia humo na viatu vyao kuchukua mayai, panya wakafuata chakula kilichomwagika, maji ya kuku yakaota utelezi.

Baada ya matanga alifika mama wa huduma ya mifugo, ambaye mke wangu alikuwa akimpokea kila mara. Alivisha buti zake soksi safi za kitambaa, akatembea banda zima polepole, kona kwa kona, ili soksi zishike kinyesi, zikapimwe Lubumbashi. Sijaona mtu akipita mahali pachafu kwa uangalifu namna ile.

"Tata," aliniita kwa heshima, "mulifagia lini?"

"Tangu kilio, hapana."

Akatazama chini. "Ba kuku nabo balikuwa mu matanga?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Aliniambia nisiuze mayai mpaka majibu yafike. Niliuza.

Majibu aliyaleta mwenyewe, ingawa angeweza kupiga simu. Kuku walikuwa na salmonela, vijidudu vinavyougua watu tumbo wakila mayai mabichi. Nikauliza kama hakuna dawa, maana ni kuku wa marehemu.

"Dawa itaficha tu, Tata. Kuku ataonekana muzima, na mikrobe itabakia mu mayai. Na bale bachimbaji ba mugodi ya Mashamba banakula omeleti mbichi-mbichi."

"Mayai ya jana nimeyapeleka kule," nikasema.

Hakunigombeza. Alimpigia simu mama anayewakaangia wachimbaji, akamwambia ayatupe yote. Jina langu hakulitaja. Baadaye alisema hakuna aliyeugua, au hakuna aliyesema.

Siku iliyofuata majibu alirudi kuwaua kuku. Angeweza kutuma vijana. Aliwashika mmoja mmoja, mabawa yamebanwa vizuri, bila kumrusha hata mmoja, kama mke wangu alivyowashika. Mimi nilichimba shimo. Tuliwapanga ndani, tukamwaga chokaa, tukafukia.

Alinawa mpaka kwenye viwiko, akanipa sabuni, nami nikanawa.