Sakafu ya Mninga Haitaki Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mlangoni kwa sababu ya viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vya marehemu baba, nimevipiga rangi mpaka vinang'aa, maana nilijua naanza kazi ya serikali na mtu wa serikali hatembei peku. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule ya nyumba moja ya wakubwa hapa Tabora. Usoni hakunitazama. Alitazama viatu, akaniagiza nitoke, nivivue, nipanguse miguu kwenye gunia, kisha ndipo nimwamkie. Nilipompa shikamoo aliitika, akaniuliza kama namjua adui wa sakafu ya mbao. Nikajibu kuwa ni mchwa.

"Mchwa ni adui wa mwenye nyumba mvivu," akasema. "Adui wa kwanza ni mchanga, na sisi Tabora mchanga tumejaliwa. Wa pili ni mwanamke mwenye ndoo ya maji."

Siku hizi maneno yale ya mwisho yangemtia matatani, na mimi pia ningeyarekebisha, kwa sababu nimewaona wanaume wenye ndoo walioharibu zaidi. Lakini alikuwa akisema jambo la kweli. Kwetu usafi ni maji. Nyumba isiyodekiwa asubuhi ni nyumba ya mtu mchafu, na jirani akipita huitambua kwa kutosikia ndoo. Kazi yangu maisha yote imekuwa kuwashawishi watu wasafi wasisafishe namna hiyo.

Niwaeleze vijana sakafu zenyewe zilivyokuwa, maana wengi wenu mmezaliwa juu ya saruji na mmehamia kwenye marumaru. Nyumba iliinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, chini yake pakaachwa matundu ya kupitisha hewa. Juu ya nguzo zililazwa boriti, na juu ya boriti mbao za mninga, nyekundu, zenye harufu tamu. Kila ubao ulichongwa ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ulimi wa huyu ukaingia katika mfereji wa mwenzake, na misumari isionekane. Ukutani iliachwa nafasi ya upana wa kidole, ikafichwa kwa ubao mwembamba. Mgeni wa kazi alitaka kuiziba nafasi ile, akaambiwa aiache. Masika mbao huvimba na kiangazi husinyaa, na zikikosa pa kwenda huinuka.

Kutunza ndiyo kazi yenyewe. Mlangoni huwekwa gunia la katani kukamata mchanga, na miguu ya viti huvalishwa vipande vya kandambili kuukuu isichubue. Hufagiliwa kwa ufagio laini, kufuata nyuzi za mbao. Kisha huja nta. Tulinunua nta ya nyuki kwa warina asali waliotoka porini na madonge ya manjano yenye nyuki waliokufa ndani yake. Tuliiyeyusha katika sufuria iliyotumbukizwa ndani ya maji ya moto, kwa kuwa nta ikikaa juu ya moto wenyewe itakuunguzia nyumba. Tulipoiepua na kuipeleka mbali na jiko tuliichanganya na tapentaini mpaka ikawa laini kama samli. Hupakwa kidogo sana kwa kitambaa. Ukipaka nyingi kama mtu anayepaka siagi mkate wa bure, itanata na kukusanya vumbi lote la Unyamwezi.

Ikishakauka, unachukua kumbi la nazi lililokatwa nusu, unalikanyaga kwa mguu mmoja na kusugua mbele na nyuma, kiuno kikifuata. Nazi hazioti kwetu. Makumbi yalikuja na treni kutoka pwani na tuliyalinda kama mali. Aliyepita nje akatuona dirishani alidhani tunacheza ngoma bila mpigaji.

Baadaye nilihamishiwa Igalula kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Msimamizi wa Nyumba pale alikuwa Mmoravian mpole aliyekuwa akiimba tenzi kwa sauti ya chini huku akikagua pembe za vyumba. Hakupata kunigombeza hata mara moja. Akiona kosa alisimama juu yake na kuendelea kuimba mpaka nilione mwenyewe. Huko Igalula nilimpata Mwajuma, aliyekuwa akiuza karanga kwa abiria, na msimamizi yule ndiye aliyeninong'oneza kwamba siku hizi nanunua karanga kupita uwezo wa meno yangu.

Nilipita Kigwa, nikafika Tura. Huko Mkaguzi wa Majengo alikuja na kitambaa cheupe, akapangusa chini ya kabati na kukitazama kwa mwanga. Alikuwa mkali lakini alinifunza kupiga randa juu ya sakafu iliyoharibika, kazi ambayo Fundi Mkuu hakuniamini nayo. Aliniambia, "Kila ukipiga randa unapunguza umri wa sakafu. Kwa hiyo usipige ukiwa na hasira." Mpaka leo sijui kama alikuwa akisema juu ya mbao tu.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijenga nyumba yangu hapa mjini, mtaa wa Gongoni. Nilinunua vipande vifupi vya mninga kwenye kiwanda cha mbao, vile ambavyo wanunuzi wakubwa hawakuvitaka, nikavichonga ulimi na mfereji kila nilipopata likizo. Sebule ilipokamilika Mwajuma aliingia peku, akafurahi, kisha akauliza ndoo iko wapi. Tuligombana wiki nzima. Yeye alikuwa ametoka nyumba ya udongo iliyosiribwa kwa maji, na kwake chumba kisichoona maji hakijaamka. Mwishowe alikubali, kwa kunihurumia nadhani, akajifunza nta na kumbi. Nilipokuwa safarini, sakafu ile ilikuwa mikononi mwake, na kusema kweli aliing'arisha kuliko mimi.

Lakini hakuwahi kumwambia jirani yeyote kwamba hadeki sebule yake. Aliona haya. Kila asubuhi alichota ndoo, akamwaga maji barazani penye saruji, akasugua kwa kishindo na ufagio wa chelewa ili mtaa mzima usikie. Nilikuwa nikimtania kwamba baraza letu litachakaa kwa uongo. Alinijibu kwamba fundi hajui mambo ya wanawake, nami nilikuwa sijui.

Nilistaafu. Nyumba za wakubwa zikawekwa marumaru moja baada ya nyingine, kwa sababu mwenye kuzitunza hayupo na marumaru hayana madai. Siwalaumu. Ila nikipita pale nilipoanzia kazi, nikaona mlango wazi na ndani kukiwa kweupe kama zahanati, huvuka upande wa pili wa barabara. Nilijifariji kwamba yangu ipo, na aliyeitunza nami yupo.

Masika yaliyopita Mwajuma aliugua kwa muda mfupi akafariki.

Siku ya tatu, baada ya hitima, nilikuwa nimeketi na wanaume kwenye jamvi chini ya turubai. Ndani wanawake walikuwa wakiondoa mikeka na masufuria. Nikaona ndoo zikipita, mbili mbili, kutoka bombani kwa jirani, na harufu ya sabuni ya unga ikanifikia. Mbele yao alikuwa Bi Zuhura, shoga wa mke wangu tangu tulipohamia, amejifunga kanga kiunoni na macho yamevimba. Nikasikia maji yakimwagwa juu ya mninga, na chelewa ikifuata. Niliinuka nusu. Ndipo nikamsikia Bi Zuhura akiwaambia wenzake kwa sauti ya mtu anayelia.

"Mwagieni maji ya kutosha. Mwajuma alikuwa msafi. Nyumba yake haiachwi hivi hivi."

Nikaketi. Ningewaambia nini? Ningewazuia, ningeharibu wema wao. Ningewaeleza, ningemwanika marehemu mbele ya mtaa mzima kwamba zile ndoo za kila asubuhi zilikuwa za baraza tu. Nilikaa nikisikiliza maji yakiingia katika viungo nilivyovichonga mwenyewe, na mzee mmoja pembeni yangu akadhani namlilia mke wangu tu, akanishika bega.

Mbao zilivimba. Zikainuka kwenye maungio, nyingine zikapasua ndimi zake. Binti yetu Rukia, anayeishi Dar, alipoona alikasirika akataka kwenda kwa Bi Zuhura kumweleza alichofanya. Nilimkataza. Basi akasema tuweke marumaru, atagharamia yeye, na akaniletea fundi kupima. Nilimpa fundi chai nikamwambia arudi kiangazi. Kwa kweli nilikusudia kuiacha sakafu ilivyo mpaka nife. Dirishani, pale Mwajuma alipokuwa akikaa juu ya kigoda akimenya karanga, visigino vyake vilikuwa vimeifanya mbao iwe nyeusi na laini, na imebonyea kidogo. Kuitengeneza sakafu ni kupiga randa yote isawazike. Pale pangeondoka.

Bi Zuhura alikuwa akiniletea uji kila asubuhi. Siku moja alijikwaa kwenye ubao ulioinuka, bakuli likamponyoka, akaangukia mkono. Hakuumia sana. Akiwa bado chini alipapasa maungio kwa kiganja, akaniuliza polepole, "Shemeji, sakafu hii imekuwaje? Wakati wa marehemu haikuwa hivi."

Nikamwambia ni masika, mwaka huu yamezidi. Alinitazama kidogo, akakubali. Nikajua kwamba nikiiacha atajikwaa tena, atauliza tena, na siku moja atajijibu mwenyewe. Mwanamke aliyefanya kwa mapenzi asingestahili jibu hilo, na mke wangu asingenisamehe.

Nilisubiri kiangazi, kwa kuwa mbao mbichi haipigwi randa. Zilizopasuka nilizing'oa, nikazikausha kivulini chini ya mawe, nikazirudisha. Kisha nikapiga magoti. Magoti ya mstaafu si ya kijana, nilifanya kipande leo na kipande kesho. Bi Zuhura alipokuta maranda yamejaa sebuleni aliuliza kama aniletee maji nioshe vumbi, na nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikamwambia hapana, nitafagia tu. Naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Pale dirishani nilipaacha mwisho. Nilipapasa kwanza kwa kiganja, nikatia randa. Randa ilipita mara chache tu, weusi wote ukatoka kwa vipande vyembamba vilivyojikunja. Nililia, tena kwa sauti. Vijana mnaojifunza ufundi, mkiambiwa kwamba kazi inaliwaza, jueni kwamba kuna kazi isiyoliwaza, na hiyo nayo hufanywa vizuri.

Nikapaka nta, nikasugua kwa kumbi, nikipumzika kila mara kwa kushika ukuta. Alasiri ilipokaribia nilisimama mlangoni kuitazama. Jua liliingia dirishani na mninga wote ukawa mwekundu, umelala sawa ukuta hadi ukuta, kiungo hakionekani. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kutengeneza sakafu nzuri kuliko ile. Nikageuka kuelekea jikoni nikaita, "Mwajuma, njoo uone."