Njia Mbili za Kwenda Dar

Mimi si mwepesi wa kumwamini mtu, na miaka ile biashara ya simu ilipofunguliwa kwa watu binafsi nilizidi. Kampuni yetu ndogo ilikuwa na ofisi mbili za intaneti: Kibiti, nilikokuwa mimi, na Ikwiriri, alikokuwa Mmatumbi mmoja, fundi hodari, mtani wangu kwa kuwa mimi ni Mndengereko. Ofisi zote mbili zilitumia kwa pamoja njia mbili za kwenda Dar es Salaam, moja ya minara, nyingine ya setilaiti. Kila ofisi ilikuwa na ruta, mashine ya kuchagua njia. Yangu niliipa amri moja: ukiona njia imejaa, hamishia mzigo wote kwenye nyingine.

Niliiona amri ya akili kweli. Mbona basi walimu waliokuja kutuma maombi ya kazi walikodolea kioo macho mpaka wakaondoka wamenuna? Asubuhi moja nikachapa kumbukumbu za ruta, nikazisoma mstari kwa mstari. Nikihamia setilaiti, papo hapo mzigo wa Ikwiriri unaijaza. Nikirudi kwenye minara, naye huyo! Damu ikanichemka. Jamaa ananikomoa, nikasema, anataka ofisi yangu ifungwe ibaki yake.

Nikampigia simu. "Mtani, mbona wanifuatafuata njiani?"

"Mie? Nakuibia, ee! Njia zote nazimeza mie, nyie Wandengereko mtabaki na mamba wenu." Akacheka mpaka akapaliwa.

Mtu wa kwetu yeyote angelijua jibu hilo. Ukimwuliza mtani kama ameua, atakwambia ameua na arobaini ameshaila. Nami nilijua. Lakini hasira zilinipanda, nikaandika kwenye ripoti kwamba amekiri mwenyewe, na maneno yake nikayaweka yote. Meneja wetu, mtu wa kuja asiyejua utani wetu, alimfukuza kazi wiki ile ile.

Ikwiriri akabaki binti wa kupokea wateja tu. Ruta ilifungiwa kabatini, na ufunguo nikaletewa mimi. Siku mbili baadaye nikatazama kumbukumbu: bado nafuatwa, kama mwanzo. Nani sasa? Nikapanda gari hadi Ikwiriri nikiwa na hakika kwamba mtani ameacha mtego humo ndani. Nikaifungua ruta yake. Nilikuta amri ileile ya kwangu, neno kwa neno, niliyompelekea mimi mwenyewe siku tulipoanza.

Nikakaa chini. Minara ikijaa, ruta zote mbili zilikimbilia setilaiti kwa pamoja, zikaijaza. Habari za setilaiti huchelewa kufika, hivyo zilipotambua msongamano zilikuwa zimeshamwaga kila kitu huko. Zikageuka tena, zote mbili, kurudi kwenye minara. Angesoma yeye kumbukumbu zake, angeona mimi ndiye ninayemfuata. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikazibadilishia amri zote mbili: hameni kidogo kidogo, kisha subirini habari, na kwa setilaiti subirini zaidi. Kufika adhuhuri njia zote zilikuwa zimetulia. Nikaandika ripoti ya pili, nikajitaja mimi ndiye mkosaji. Meneja akajibu kwamba nafasi ameshapewa mtu mwingine.

Nikamfuata mtani kijijini Umwe, alikokuwa analima. Nilimweleza yote, na ile ripoti, nikamwomba radhi. Akasema amesamehe. Sikuamini, nikamchokoza nipate kujua.

"We Mmatumbi, jembe lenyewe unalishika kama mwiko! Nani kakudanganya unajua kulima?"

Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane, mimi na Wandengereko wote. Akatabasamu kwa adabu, akafuta mikono, akamgeukia mkewe.

"Mama, mletee mgeni kiti."