Wagonjwa wa Mama

Watu wakiniambia mama yangu alikuwa mtakatifu, nasema asante, halafu nabadilisha mazungumzo. Siku ya mazishi walisimama mmoja baada ya mwingine, kina mama na skafu zao za kanisa, kila mtu na kisa chake: alivyoogeshwa na mama, alivyolishwa uji kwa kijiko, alivyokatwa kucha. Mimi, kifungua mimba wake, nikaulizwa kama niko na neno. Nikasema mdogo wangu ataongea. Mimi hakuwahi kunikata kucha.

Tulihamia Noonkopir, mtaa wa Kitengela, kutoka Ukambani nikiwa mdogo, baba akiwa kibarua kwenye kiwanda cha saruji. Kitengela ya wakati huo ilikuwa vumbi, ng'ombe na upepo. Mama aliingia jumuiya ya kanisa kabla hata hatujanunua viti. Kazi aliyojipa, bila mshahara, ilikuwa kutembelea wagonjwa. Awe Mkatoliki, awe Mprotestanti, awe bibi ya yule Mwislamu mwenye duka la nguo, mama hakubagua. Akisikia tu mtu amelala, anajifunga leso, anachukua rozari na ndoo, huyoo!

Ile ndoo ndiyo iliniudhi. Maji ya kisima hapa kwetu ni ya chumvi, sabuni haitoi povu na chai yake ni kama umechemsha msumari. Maji matamu yalikuwa ya mvua tu, tuliyokinga kwenye pipa chini ya mabati. "Hayo ni ya wagonjwa," mama alisema, na ole wako akukute hapo na kikombe. Sisi tulikunywa ya kisima mpaka meno yakawa kahawia. Yangu yako hivyo hadi leo, na nikipigwa picha nafunga mdomo.

Lakini meno nilishasamehe. Kitu nilichotaka kwa mama kilikuwa kimoja: siku moja tu akae kando yangu vile alivyokaa kando yao, anishike mkono na asiwe na haraka. Basi. Niliitaka hiyo siku tangu utotoni, na sioni haya kusema hivyo hata sasa nikiwa na mvi.

Nilifikiri nitaipata nikizaa. Nililazwa hospitali ya Kajiado, uzazi ukawa mgumu, nikapasuliwa. Nikatuma mtu amwite mama. Alikuwa Mashuuru kwa semina ya kina mama wa kanisa, na kesho yake akaja kweli, ila hakuja kwa sababu yangu. Alikuja na kikundi, wamevaa sare, wamebeba mikate na sabuni za wodi nzima. Wakaanzia mlangoni. Kitanda changu kilikuwa cha mwisho, pale dirishani, na nikawa namtazama akisogea kitanda kimoja kimoja. Jirani yangu alikuwa mama wa Kimaasai aliyekuwa amepoteza mtoto. "Takwenya," mama akamsalimia. "Iko," yule akaitikia kwa shida. Kimaasai cha mama kiliishia hapo, lakini alikaa. Akamshika mkono, akalia naye, hadi nesi akapiga makofi kwamba wakati wa wageni umeisha. Kwangu alipita tu. Aliweka sabuni juu ya kabati, akafunua mtoto akamwangalia, akaniambia, "Wewe uko sawa. Yule hana mtu."

Uko sawa, ati! Na nyuzi mbichi tumboni! Yule mama wa watu simlaumu hata kidogo. Ile sabuni niliitupa.

Uzee ulipofika akili zikaanza kumtoka. Nikamchukua kwangu kwa sababu wadogo zangu wako na shughuli, na shughuli zao haziishi. Watu wa jumuiya walikuja mwanzoni, wakaimba, wakapiga picha, kisha wakapungua. Nilimwogesha mimi. Nilimlisha mimi. Alinisahau kabla ya kusahau sala zake. Rozari aliimaliza bila kukosea, lakini mimi aliniita "sista", siku nyingine "wewe msichana". Hasira niliyokuwa nayo, wacha tu. Nilimgombeza Mungu wake jikoni nikisugua sufuria.

Miezi michache kabla hajafa nikashikwa na taifodi. Ilikuwa mchana, nimelala kwa kochi, kichwa hakiinuki. Nikasikia malapa yakiburutwa. Mama alitoka chumbani ameshikilia ukuta, akasimama akaniangalia, akavuta kigoda akakaa. Akanigusa paji la uso. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mama," akasema. "Umekunywa kitu?"

"Nimekunywa uji."

"Umejikaza."

Akanichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, akaanza Salamu Maria, polepole, bila kuruka neno. Mkono hakuuachilia. Alipomaliza akarudia tena. Sikujua mikono yake ni laini hivyo. Machozi yalinitiririka mpaka masikioni, na yeye akayapangusa kwa leso yake, hana haraka yoyote. Halafu akatazama nyumba huku na huku, na uso ukakunjamana.

"Uko peke yako? Mama yako yuko wapi?"

"Ameenda kuona wagonjwa," nikasema.

"Wagonjwa?" Akatikisa kichwa, amekasirika kabisa kwa niaba yangu. "Na wewe je? Mtu anaachaje mtoto wake hivi?"

Akanipapasa mkono.

"Nyamaza, usilie. Nikikutana naye nitamwambia."